Bure, Lakini kwa Nauli Yako

Tangazo lenyewe lilikuwa na mistari 11. Niliihesabu. Liliwataka wanaopokea posho fulani wahakiki majina yao kabla ya mwezi kwisha, likataja nyaraka tatu za kuja nazo, na chini kabisa likabeba muhuri na sahihi ya mkubwa. Mistari 11 mtu huisoma akiwa amesimama, mkoba begani, akaondoka zake.

Tangazo hilo halikubandikwa popote. Lilipandishwa kwenye tovuti. Karani alilichapa kwenye kompyuta, akalitoa kwenye karatasi, mkubwa akatia sahihi, muhuri ukagongwa, kisha karatasi ikapigwa skani ya rangi na picha yake ndiyo ikawekwa mtandaoni. Uzito wake: MB 14. Na kabla hujalifikia ulipaswa kupita ukurasa wa mbele, ambako picha kubwa za viongozi zilikuwa zinapokezana zenyewe kama walinzi wa zamu, ndipo ubonyeze "Habari", ubonyeze "Matangazo", ungoje.

Najua yote haya kwa sababu niliketi pembeni ya mama mmoja tukilingoja pamoja. Wakati huo nilikuwa najitolea kwenye chumba cha kompyuta cha maktaba ya umma. Kazi yangu kuwakwamua waliokwama. Kila aliyeingia alipewa dakika 30, na saa ndogo kwenye kona ya skrini ilizihesabu kurudi nyuma. Mama yule alikuwa amekwisha kujaribu nyumbani kwa simu ya mjukuu. Bando likaisha faili likiwa nusu. Akaongeza jingine, nalo likaisha, maana faili halikuendelea pale lilipoachia; lilianza moja. Ndipo akaja kwetu.

"Kwa hiyo, mwanangu," akaniuliza lilipofunguka, "hiki kikaratasi ndicho kilichonila hela?"

Nikamwambia taarifa ni bure, mama. Hela imeliwa na mtandao. Lilikuwa jibu sahihi. Alinitazama tu, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyejibu vizuri swali ambalo hakuulizwa.

Tangu siku hiyo nikikutana na neno "bure" kwenye taarifa za serikali, naanza kutafuta nauli. Ni sawa na kuambiwa dawa haiuzwi, njoo uchukue, na dawa iko ng'ambo ya mto ambao kivuko chake kinalipiwa. Hakuna aliyesema uongo. Dawa ni ya bure kweli. Kivuko ndicho hakikutajwa.

Sitaki kuusifia ubao wa matangazo wa zamani kupita kiasi. Ulikuwa na taabu zake: ulikuwa mbali, karatasi zilibandikwa juu ya karatasi, mvua ilizifuta, na palikuwa na mtu asiyejulikana aliyependa kuchana kona. Hata kuufikia kulikuwa na gharama, ya miguu au ya gari. Ila karatasi, wino, gundi na mtumishi wa kwenda kubandika vililipiwa na ofisi iliyokuwa na jambo la kusema. Na aliyefika pale aliweza kusoma tangazo moja au yote 20, leo na tena kesho, bila kuongezewa chochote kwenye hesabu yake. Mtandao umegeuza hesabu hiyo. Ofisi inaweka faili mara moja, halafu kila msomaji analipa kivyake kulileta mkononi, na asiyemaliza kulipakua analipa bila kusoma. Kwenye ripoti za mwaka jambo hili huitwa kupunguza gharama. Gharama zimehama tu. Zilikuwa fungu moja ofisini, sasa ni vipande vidogo vidogo mifukoni mwa watu, na vipande vya namna hiyo havina mhasibu.

Haki yenyewe ya kusoma nyaraka za serikali ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Sweden iliiweka kwenye sheria mwaka 1766, siku ambazo kuitumia kulimaanisha kwenda ofisini kwa miguu yako na kumwambia karani: nitolee jalada hili nilitazame. Leo zaidi ya nchi 100 zina sheria za aina hiyo. Nimezipitia chache, na karibu zote zinaushughulikia mlango: nani aruhusiwe kuingia, ajibiwe ndani ya siku ngapi, nini kibaki siri. Zinazoitazama njia ya kuufikia mlango huo ni haba. Finland ilijaribu: kuanzia Julai 2010 kila mkazi alipata haki kisheria ya kuunganishwa na intaneti yenye kasi ya angalau megabiti 1 kwa sekunde, kwa bei isiyoumiza. Megabiti moja si kitu kwa mtazamaji wa sinema, lakini kwa mistari 11 ni neema.

Umoja wa Mataifa nao una kipimo. Tume yake ya intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kufikia mwaka 2025 kifurushi cha msingi kisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Ni lengo zuri, na wapo waliolifikia. Tatizo langu ni lile neno "wastani". Anayepata nusu ya wastani, kifurushi hichohicho kinamlia asilimia 4. Anayepata robo, 8. Na hawa ndio hasa wenye shida na matangazo ya posho, ya chanjo, ya maji kukatwa, ya watoto kuandikishwa shule. Mwenye nacho hana haja ya kusoma mistari 11 kwa haraka, atampigia mtu. Mwaka 2024 shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilikadiria kuwa watu bilioni 2.6 duniani hawatumii intaneti kabisa. Hao wametajwa sana. Mimi nawafikiria zaidi wale ambao kwenye takwimu wanahesabiwa kuwa wameunganishwa, kama mama yule wa maktabani, ambao bando lao hukata faili likiwa nusu.

Kilichonishangaza, nilipoanza kufuatilia historia ya jambo hili, ni kugundua kwamba nauli ilikwisha kufikiriwa kabla hata tovuti hazijazaliwa, na walioifikiria walikuwa watu wachache wenye kompyuta moja moja.

Mwaka 1973 huko Berkeley, California, kikundi kilichojiita Community Memory kiliweka mashine ya kuchapa ndani ya duka la santuri la Leopold's Records, kando ya ubao wa kawaida ambao wanamuziki waliutumia kutafutana. Mashine ile iliunganishwa kwa laini ya simu na kompyuta kubwa iliyokuwa San Francisco. Ilikuwa na kelele hata ikabidi ifunikwe kwa boksi. Mtu yeyote aliyepita aliweza kuandika tangazo au kutafuta la mwenzake, na pembeni alisimama mtu wa kumwelekeza asiyejua. Hiyo sehemu ya mwisho niliisoma mara mbili. Miaka 50 iliyopita, siku ya kwanza ya jambo lenyewe, walijua kwamba mashine peke yake haitoshi.

Miaka ya 1980 kikundi hichohicho kilirudi na mashine za kutumbukiza sarafu. Kusoma kulikuwa bure. Kuongeza maoni kulikuwa senti 25, na kuanzisha mjadala mpya dola 1. Yaani mwenye la kusema ndiye aliyelipa. Ubao ule wa gundi na karatasi ulikuwa na hesabu hiyohiyo, na sielewi tuliipotezea wapi.

Kisa cha Cleveland, Ohio, ndicho ninachokipenda zaidi. Mwaka 1984 Tom Grundner, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, alianzisha huduma ndogo ya maswali ya afya aliyoiita St. Silicon's Hospital and Information Dispensary: mtu mwenye kompyuta na modemu, yaani kifaa cha kuiunganisha na laini ya simu, anapiga simu usiku au mchana, anaacha swali, na daktari analijibu ndani ya saa 24. Kwa jinsi ilivyopokewa, mwaka 1986 ilizaa Cleveland Free-Net, mtandao wa mji mzima usiomtoza mtumiaji hata senti. Orodha yake ya mwanzo ilipangwa kama mji wenyewe. Palikuwa na Posta, Shule, Maktaba, uwanja wa mikutano, jengo la tiba, na jengo la mahakama na serikali. Mtu asiyejua chochote kuhusu kompyuta alijua mahakama ni ya nini na posta ni ya nini, akaingia.

Nauli nayo? Hapa pana bahati ambayo wengi waliojaribu kuiga hawakuiona. Katika miji mingi ya Marekani simu ya ndani ya mji haikuhesabiwa kwa dakika. Ukishalipia laini kwa mwezi, unapiga utakavyo. Kwa hiyo safari ya kwenda "mahakamani" kwa modemu ilikuwa imeshalipiwa. Wazo lilelile ukilipeleka mahali ambako kila dakika ya simu ina bei yake, linageuka kitu kingine kabisa: maktaba isiyo na kiingilio ambayo kiti chake kinakodishwa. Ufaransa, iliyokuwa na Minitel, mtandao wake wa skrini ndogo zilizounganishwa na laini za simu, nchi nzima tangu 1982, ilipita njia nyingine. Serikali iligawa vifaa vyenyewe kwa wenye simu bila malipo, na kwenye kitabu cha namba cha kielektroniki dakika 3 za mwanzo hazikutozwa. Dakika tatu! Nadhani aliyezipanga alikuwa amekaa akajiuliza mtu wa kawaida anahitaji muda gani kupata anachokitafuta, kisha akamlipia huo. Kilichofuata ulilipa. Minitel ilizimwa tarehe 30 Juni 2012, na kwa mambo mengi ilikuwa imepitwa, lakini sijaona tovuti ya serikali iliyojiuliza swali lile tena.

Lakini ukinitaka niseme kwa nini haya yote yana maana, nitakupeleka Santa Monica, California, mwaka 1989. Halmashauri ya mji ilifungua mtandao wake, PEN, ambao wakazi walijiandikisha bila malipo kusoma taarifa za mji na kuwaandikia viongozi. Wasio na kompyuta waliwekewa mashine maktabani na kwenye majengo mengine ya umma. Nadhani waliobuni mpango huo walitarajia maswali ya taka na taa za barabarani. Wakapata na hayo. Ila baadhi ya waliokuja kuketi kwenye mashine za maktaba walikuwa watu wasio na makazi, nao wakaanza kuandika katika mjadala uleule ambamo wenye nyumba walikuwa wakilalamika juu yao. Wakaeleza jambo ambalo hakuna kamati iliyokuwa imelifikiria: huwezi kwenda kuomba kazi kama hujaoga, nguo zako hazijafuliwa, na vitu vyako vyote umevibeba mgongoni. Hawakuomba chakula wala blanketi. Waliomba mahali pa kuogea asubuhi, mashine za kufulia, na makabati ya kufungia mizigo.

Wakazi wengine wakaungana nao, mjadala ukawa kikundi, kikundi kikaishawishi halmashauri, na huduma hiyo ikapatikana. Waliipa jina kwa kuunganisha maneno matatu ya Kiingereza ya kuoga, kufua na kabati: SHWASHLOCK. Jina baya, kitu kizuri.

PEN haikuwa pepo. Matusi yalizidi, baadhi ya viongozi wakachoka kutukanwa wakaacha kuingia, na wachache wenye muda mwingi wakawa wanazungumza kuliko wote. Nani kati yetu hajawahi kuona kundi la namna hiyo kwenye simu yake. Lakini kila nikisikia wataalamu wakisema kwamba watu maskini wanahitaji "kufikishiwa" taarifa, nakumbuka zile mashine za maktaba. Wale watu walikuwa na taarifa ambayo serikali haikuwa nayo. Kiti cha bure ndicho kilichoifikisha.

Sasa niseme upande mchungu, maana vyaelea vimeundwa, na aliyeunda naye hula. Cleveland Free-Net ilifungwa mwaka 1999. Shirika mama lililokuwa likiunganisha mitandao ya aina hiyo lilikuwa limekwisha kufilisika mwaka 1996. Kanada, iliyolipokea wazo hili kwa shauku tangu mitandao ya miji ya Victoria na Ottawa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilifika hatua ya serikali kuu kuanzisha mpango wa vituo vya intaneti vya umma mwaka 1995. Maelfu ya vituo vilifunguliwa, maktabani, shuleni na kwenye kumbi za jamii. Mwaka 2012 fedha zikakatwa. Hoja ilikuwa kwamba watu wengi sasa wana intaneti nyumbani. Ilikuwa kweli, na ilikuwa sawa na kufunga vivuko kwa sababu watu wengi wamejifunza kuogelea. Ule wa Ottawa, National Capital FreeNet, upo hadi leo. Umeishi kwa kuwa ulianza kuwauzia wanachama wake laini za intaneti, ukabaki shirika lisilogawana faida. Yaani ulijifunza kuendesha kivuko chenyewe.

Kwa hiyo tunaweza kubishana mchana kutwa juu ya nani alipie njia: serikali, kampuni za simu, wahisani, au wasomaji wenyewe kwa kuchangiana. Sina jibu moja. Ila kuna sehemu ya nauli ambayo haihitaji bajeti wala sheria, nayo ni uzito wa mzigo.

Rudi kwenye tangazo letu. Mistari 11 ni kama herufi 900. Ukiziandika kama maandishi ya kawaida hazifiki hata KB 1. Kwa ujumbe mfupi wa simu, ambao kila mmoja hubeba herufi 160, ni jumbe 6. Kwa modemu ya biti 2,400 kwa sekunde, ya enzi za Grundner, yangefika kwa sekunde 4. Faili la MB 14 kwenye modemu hiyohiyo lingechukua saa 16. Sekunde 4 au saa 16, kwa maneno yaleyale. Tofauti nzima ni picha ya muhuri.

Niliwahi kumuuliza afisa mmoja kwa nini wasiweke maandishi. Hakunijibu kwa kiburi, na sababu yake ina uzito. Alisema tangazo lisilo na muhuri watu hawaliamini, na wezi wanalighushi. Ni kweli, nimeona mwenyewe matangazo ya uongo yakizunguka kwenye simu. Lakini muhuri uliopigwa picha nao unaghushiwa, tena na mtoto. Kinacholinda tangazo ni anwani ya tovuti linakotoka. Wekeni maandishi juu ya ukurasa, nikamwambia, na skani yenu chini yake kwa anayeitaka. Alicheka, akasema litapelekwa kwenye kikao. Huenda bado liko kwenye kikao.

Na picha ya maandishi ina madhara zaidi ya bando. Programu inayomsomea kipofu kwa sauti haioni kitu pale isipokuwa karatasi nyeupe. Anayetafuta kwa neno halipati. Anayetaka kunakili namba ya simu ili apige, anaikariri.

Kuna nauli nyingine ambayo ni tozo ya waziwazi. Mfumo wa kusomea mtandaoni majalada ya mahakama za shirikisho za Marekani, PACER, hutoza senti 10 kwa kila ukurasa wa jalada, hata ukurasa wa matokeo ya utafutaji, ingawa huwasamehe wanaosoma kidogo. Hizo ni kumbukumbu za mahakama zilizokwisha kulipiwa na kodi. Nchini humohumo Carl Malamud, mtetezi wa taarifa za umma, alionyesha njia nyingine: mwaka 1993 alianza kuweka mtandaoni bila malipo taarifa ambazo kampuni huwasilisha kwa tume ya masoko ya mitaji, taarifa zilizokuwa zikiuzwa kwa bei ya kuwatosha matajiri tu. Baada ya miaka miwili, watu walipokwisha kuzizoea, akatangaza kwamba anafunga, na akawaelekeza wamwandikie nani. Tume ikaichukua kazi ile yenyewe. Huwa nacheka nikikifikiria kisa hicho. Aliwazoesha wasomaji maji matamu, halafu akawaonyesha nyumba ya mwenye kisima.

Na ile dawa inayopendwa siku hizi, ya kampuni za simu kufungua tovuti fulani zisile bando? Mwaka 2020, wakati wa korona, Uingereza ilifanya hivyo kwa tovuti za huduma yake ya afya, na Afrika Kusini kwa tovuti za masomo. Kwa dharura, sawa kabisa. Ninachoogopa ni pale kampuni inapokuwa ndiyo inayochagua kipi kiwe bure na kipi kilipiwe. India ililikataa jambo hilo kwa kanuni mwaka 2016, na naona ilikuwa na haki. Tena ukurasa wa bure una mitego midogo: unabonyeza kiungo kimoja, kinakupeleka kwenye video iliyo nje ya uzio, na mita inaanza kuhesabu bila kukuambia. Taarifa za umma zikifunguliwa zote kwa pamoja, na zikiwa nyepesi, hofu hiyo inapungua sana.

Bado sijafika kwenye nauli iliyokuwa ikijaza siku zangu pale maktabani.

Wengi waliokuja hawakukosa kompyuta tu. Walikosa mtu. Philip Alston, aliyekuwa mchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu umaskini uliokithiri, alipoizuru Uingereza mwaka 2018 alikuta kwamba msaada mkuu wa serikali kwa wenye kipato kidogo umehamishiwa mtandaoni, na waliobeba mzigo wa kuwasaidia waombaji ni wafanyakazi wa maktaba za umma, wakati maktaba zenyewe zinakatiwa fedha. Niliposoma hayo sikushangaa hata kidogo. Ningeweza kumwandikia ukurasa huo.

Mtu anakuja ametumwa na ofisi: "Kajaze mtandaoni." Anataka kufungua akaunti. Akaunti inataka barua pepe. Barua pepe inataka namba ya simu. Namba inatumiwa tarakimu sita, na simu ameiacha nyumbani kwenye chaji. Kesho anarudi na simu, na nywila ya jana ameisahau. Kesho kutwa anafika ukurasa wa tatu wa fomu, dakika 30 zinakwisha, mashine inajifunga, kila kitu kinafutika ili atakayefuata asione siri zake. Ulinzi mzuri wa siri, huo. Nikajifunza kuwaongezea dakika kimyakimya, jambo ambalo msimamizi alilijua akajifanya hajui.

Siri zenyewe zilinitesa kuliko dakika. Mzee mmoja alikuwa akininong'oneza namba ya kitambulisho chake tarakimu moja moja, akitazama nyuma kila baada ya tarakimu mbili. Dada mwingine alikuja kuomba amri ya mahakama ya kumzuia mumewe, na fomu ilitaka aeleze kilichotokea, kwenye sanduku la herufi 500, katika chumba chenye watu 12. Nilizungusha kiti chake kikatazama ukuta, nikasimama nyuma yake nikiwa nimempa mgongo. Hayo ndiyo mafunzo yote niliyokuwa nayo. Hakuna aliyekuwa amenifundisha nini cha kuona na nini cha kutoona, wala hakuna karatasi niliyotia sahihi kuahidi kunyamaza. Watu walinipa nywila zao kwa sababu hawakuwa na mwingine wa kumpa. Kazi hii ilifaa ilipiwe na wanaoifanya wafundishwe na waape, kama anavyoapa anayehesabu kura. Tuliifanya kwa kujitolea, na ofisi zilizotuletea watu hazikujua hata majina yetu.

Mama wa posho alipomaliza kusoma aliniomba nimchapishie. Nikachapisha mbili, moja yake. Ya pili niliibandika mlangoni mwa chumba cha kompyuta, kwa urefu wa macho, kwa sababu siku ile nilikuwa nimekwisha kulifungua tangazo lilelile mara nne kwa watu wanne.

Jioni foleni ilikuwa fupi. Watu walifika mlangoni, wakasoma, wakageuka. Wiki ile ilipoisha, nilipokwenda kuibandua karatasi, nikakuta imeandikwa. Chini ya muhuri mtu alikuwa ameuliza kwa kalamu ya bluu: "Na aliyepoteza kadi?" Mkono mwingine ukajibu kwa penseli: "Nenda na barua ya polisi, wanakubali. Mimi walinikubalia. Usiende Ijumaa." Na pembeni, mwandiko wa tatu: "Ijumaa wanafungua siku hizi, ila asubuhi tu."

Tovuti haikuwa na neno lolote kuhusu kadi zilizopotea. Karatasi nikaiacha palepale.